Mtoto Apewe Mizani

Hapana mwanafunzi katika nchi yetu asiyejua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeiandika ubaoni, tumeitungia insha, tumeisahihisha kwa wino mwekundu mwaka baada ya mwaka. Lakini nakuomba, msomaji, ukilaze kitabu hiki kidogo ujiulize maswali matatu. Je, kibaba umepata kukiona kwa macho yako? Kikijazwa maji, huingia kiasi gani? Na kikijazwa mtama, kisha kikamwagwa kikajazwa unga, uzito utakuwa ule ule au utabadilika? Kama huna jibu usitahayari, kwa maana aibu si yako. Aibu ni yetu sisi walimu, tuliokupa methali ya kipimo tukakunyima kipimo chenyewe.

Insha hii ni ya ugomvi, wala sitaki kuficha jambo hilo. Nagombana na desturi iliyokita mizizi katika shule zetu, desturi ya kufundisha tungamo, ujazo na densiti kwa chaki peke yake. Nasema kwamba mtoto aliyefundishwa vipimo bila ya kupima hakufundishwa, amekaririshwa. Nasema tena kwamba hasara ya desturi hii haikomi katika chumba cha mtihani. Hutoka nje ikaingia sokoni, ikaingia zizini, ikaingia jikoni kwa mama zetu, na huko hulipwa kwa fedha na kwa heshima.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, nayo hupimwa kwa gramu na kilo. Ujazo ni ukubwa wa nafasi ambayo kitu hicho hukalia, nao hupimwa kwa lita au kwa sentimita za ujazo. Densiti ni tungamo iliyomo katika kila kipande kimoja cha ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya mafuta ya kupikia ina gramu 0.92 hivi, ya chuma ina karibu gramu 7.9, na ya dhahabu ina gramu 19.3. Watu wa sayansi hutofautisha tungamo na uzito, kwa kuwa uzito ni nguvu ambayo dunia hukivuta kitu. Mtu akifika mwezini uzito wake hupungua hata ukawa sehemu moja ya sita, ilhali tungamo yake haikupungua hata chembe. Sokoni yote mawili huitwa uzito, nami nitasema kama wasemavyo watu pale ambapo hapana hatari ya kukosea.

Maneno hayo niliyoyaeleza kwa mistari michache ndiyo niliyowapa wanafunzi wangu katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu. Niliyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, wakayanakili. Niliwauliza densiti ni nini, wakajibu kwa sauti moja kwamba densiti ni tungamo ikigawanywa kwa ujazo. Nikafurahi. Kesho yake nikawauliza swali ambalo halikuwamo kitabuni: chupa moja ina lita moja ya maji, na ya pili ina lita moja ya mafuta ya kupikia, ipi nzito kuliko mwenzake? Karibu darasa zima likajibu kwamba ya mafuta. Nikauliza kwa nini. Msichana mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, mafuta ni mazito. Maji ni mepesi, humwagika upesi."

Jibu lile lilinifunza zaidi ya kitabu. Katika lugha yetu uji ni mzito, mchuzi ni mzito, na jiwe ni zito. Neno moja hubeba mambo mawili: kitu kisichotiririka kwa wepesi na kitu kinacholemea mkono. Msichana yule hakuwa mjinga; alifikiri kwa lugha yake, kama impasavyo kila mtu. Na usiku ule ule, nyumbani kwao, alikuwa ameona macho ya mafuta yakielea juu ya mchuzi, jambo ambalo haliwezekani kama mafuta yana densiti kubwa kuliko maji. Ushahidi alikuwa nao jikoni, kanuni alikuwa nayo daftarini, wala hakuna mtu aliyewakutanisha wawili hao. Mtu wa kuwakutanisha alikuwa mimi, nami nilikuwa nimeshika chaki.

Sasa nitakueleza kwa nini nililichukua jambo hili moyoni. Nilipokuwa mwanachuo katika chuo cha walimu, nilirudi nyumbani likizo, na asubuhi moja nikafuatana na mama yangu kupeleka maziwa kwa mnunuzi. Karani wake alichovya ndani ya maziwa yetu kile chombo kiitwacho laktomita. Ni chombo cha kioo chenye tumbo zito na shingo nyembamba iliyotiwa alama. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa na densiti ya gramu 1.028 hadi 1.034 hivi katika kila sentimita ya ujazo, na chombo hicho huelea ndani yake hata alama fulani. Maziwa yakitiwa maji, densiti hushuka, na chombo huzama zaidi. Siku ile kilizama. Karani akasema mbele ya watu wote waliopanga mstari, "Mama, maziwa haya yana maji."

Mama yangu akamjibu, "Mwanangu, ng'ombe wangu hunywa maji kwa kinywa chake. Mimi siyamimini ndooni."

Watu wakacheka, lakini maziwa hayakupokewa. Mama akanigeukia akasema, "Wewe si umeyasoma haya? Mwambie basi."

Nami, niliyekuwa nimepata alama za juu katika somo la fizikia, nilisimama kimya kama gogo. Kanuni niliijua. Kuandika tungamo juu ya mstari na ujazo chini yake niliweza. Lakini laktomita sikuwa nimepata kuishika, wala sikujua nimwulize karani swali gani. Tukarudi na ndoo yetu. Njiani mama hakunilaumu, na ukimya wake ulinichoma kuliko lawama.

Miezi michache baadaye, chuoni, mkufunzi wetu alituwekea mezani ndoo ya maziwa, laktomita na kipimajoto, akatuambia tupime, akaenda zake. Tulipima maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Tukayapima tena yalipopoa. Hesabu hazikulingana. Maziwa yenye joto hutanuka: tungamo ni ile ile, nafasi imekuwa kubwa zaidi, kwa hiyo densiti imeshuka, na chombo huzama. Ndiyo sababu laktomita hutengenezwa kwa ajili ya kiasi maalumu cha joto, na mpimaji hupaswa kuyapima maziwa yakiwa na joto hilo au kusahihisha hesabu yake. Nikakumbuka ya kuwa siku ile ndoo yetu ilikuwa vuguvugu mkononi, kwa kuwa tulitoka zizini moja kwa moja. Siwezi kuapa kwamba joto peke yake ndilo lililotuhukumu. Lakini swali la kuuliza lilikuwapo, nalo lilikuwa fupi: "Je, umepima joto lake?" Kwa kutolijua swali hilo, mama yangu aliitwa mdanganyifu mbele ya jirani zake, na mwanawe msomi hakuwa na neno.

Huenda ukasema kwamba hilo ni jambo la familia moja. Basi twende sokoni pamoja. Katika masoko mengi ya Kenya mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, mkebe ambao ukijazwa mahindi huhesabiwa kuwa kilo 2 hivi. Kuna wachuuzi waaminifu wengi, nami nawaheshimu. Lakini wako pia waliobonyeza kitako cha mkebe kwa ndani hata kikainuka, mkebe ukabaki mrefu kwa macho na mfupi kwa tumbo. Tuseme mkebe kama huo umepungua gramu 100 tu. Nyumba inayonunua gorogoro 3 kila juma hupoteza gramu 300 kwa juma, na katika majuma 52 ya mwaka hupoteza kilo 15.6. Hizo ni karibu gorogoro 8 za chakula, zilizolipiwa na zisizoliwa. Haba na haba hujaza kibaba, naam, lakini kibaba cha nani?

Mkulima naye hupigwa kwa upande wa pili. Anunuapo, mkebe huwa mdogo. Auzapo, gunia huwa kubwa. Gunia la mahindi nchini mwetu huhesabiwa kilo 90, kiasi kilichotokana na gunia la zamani la ratili 200. Lakini wakulima wa viazi wanalijua gunia jingine, lile linaloshonewa kipande cha gunia la pili juu yake kama kilemba, likajazwa hata shingoni, kisha likauzwa kwa bei ya gunia moja. Kanuni za serikali za mwaka 2019 ziliamuru kwamba viazi vifungwe katika magunia yasiyozidi kilo 50. Kanuni hiyo ni njema. Lakini sheria ya vipimo katika nchi isiyopima ni kama taa mkononi mwa aliyefumba macho. Mkulima asiyeweza kuipima haki yake hutegemea huruma ya anayemnunulia, na huruma haina alama za gramu.

Wala usidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ilisafiri kutoka Montreal kwenda Edmonton katika nchi ya Kanada. Kipimo cha mafuta ndani yake kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo mafuta yalihesabiwa kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndani ya matangi mlikuwa na lita 7,682. Ili kugeuza lita ziwe kilo, wahusika walizidisha kwa 1.77, wakapata kilo 13,600 hivi. Lakini 1.77 ilikuwa idadi ya ratili katika lita moja ya mafuta yale. Idadi ya kilo ilikuwa 0.8 tu na ushei. Ukweli ni kwamba mlikuwa na zaidi kidogo ya kilo 6,100. Wakaongeza lita 4,900 hivi badala ya lita 20,000 zilizotakiwa, na ndege ikaruka ikiwa na mafuta yasiyofika nusu ya haja yake. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani, ambaye kwa bahati aliwahi kurusha ndege zisizo na injini, aliiteremsha katika kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli. Watu 69 walikuwamo, na hapana aliyekufa.

Tazama vizuri, msomaji. Watu wale walijua kuzidisha na kugawanya. Kanuni hawakuikosea. Walichokosa ni kushtuka. Mafuta ya ndege ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Mtu aliyewahi kushika kwa mkono mmoja lita ya mafuta ya taa, na kwa mkono wa pili lita ya maji, anajua mwilini mwake kwamba ya mafuta ni nyepesi. Lita ya maji ni kilo 1. Basi lita ya mafuta yawezaje kuwa kilo 1.77? Namba hiyo ingemchoma kama mwiba kabla hajaimaliza hesabu. Kushtuka huko hakupatikani ubaoni. Hupatikana katika kushika.

Najua majibu ya wale wanaoitetea desturi ya chaki, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeyatoa. La kwanza ni kwamba vifaa hakuna. Shule ni maskini, wasema, na mizani ni ghali. Nawajibu kwamba umaskini wa vifaa ni kweli, lakini umaskini wa fikira ni mkubwa kuliko huo. Chukua fito iliyonyooka, ifunge uzi katikati, uning'inize mikebe miwili iliyo sawa kwenye ncha zake mpaka fito isimame sawasawa. Hiyo ni mizani. Mawe ya mizani wahitaji? Chukua chupa mbili zinazofanana za nusu lita. Ijaze moja maji hata alama ya nusu lita, na ya pili iache tupu katika mkebe wa pili ili chupa zenyewe zifutane. Maji yaliyobaki ni gramu 500. Yagawe katika vikombe viwili vinavyofanana mpaka mizani itulie, umepata gramu 250 na 250. Gawa tena, umepata 125. Mto au bomba lililo karibu na shule yako lina mawe ya mizani yasiyokwisha.

Wala huo si ujanja wa maskini. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795 iliifasili gramu kwa maji, kuwa uzito wa maji ya sentimita moja ya ujazo yenye baridi ya barafu inayoyeyuka. Baadaye kilo ilikabidhiwa kwa silinda ya madini, na tangu mwaka 1889 silinda moja iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris, ikawa ndiyo kilo ya dunia nzima. Silinda hiyo nayo ilistaafishwa tarehe 20 Mei 2019, na sasa kilo hufasiliwa kwa namba ya maumbile isiyobadilika. Lakini lita moja ya maji bado ni kilo moja kwa tofauti ndogo mno, na kijiji chochote chenye maji kina urithi huo.

Kupima ujazo wa jiwe nako si kazi ya matajiri. Toboa mkebe karibu na ukingo, utie mrija, ujaze maji hata yaanze kutoka. Yakikoma, lizamishe jiwe polepole kwa uzi, uyapokee maji yanayomwagika. Yapime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile lenye alama za mililita, lililo jipya na safi. Ujazo wa maji hayo ndio ujazo wa jiwe. Gawanya gramu za jiwe kwa mililita hizo, na kwa mawe mengi utapata namba iliyo kati ya 2.5 na 3. Mtoto aliyeipata namba hiyo kwa jasho lake hataisahau, na akikosea, atajua ni wapi maji yalimwagika.

Jibu lao la pili ni mtihani. Mtihani, wasema, hauulizi mikebe wala fito, huuliza kanuni. Hili si kweli hata kwa mtihani wenyewe, kwa kuwa fizikia ya kidato cha nne imekuwa na karatasi ya majaribio ambayo mwanafunzi huifanya kwa mikono. Nimewaona wanafunzi wakiishika mizani ya shule kwa mara ya kwanza katika mwaka wa mwisho, mikono ikitetemeka kama ya mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuenea katika madarasa ya chini ya shule zetu mwaka 2019, umesema waziwazi kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Maneno hayo ni mazuri. Lakini umilisi ulioandikwa kwenye jalada la kitabu hauingii mkononi mwa mtoto mpaka mwalimu aweke chaki chini.

Jibu la tatu ni la watu wa kisasa. Wasema kwamba mizani za umeme zimeenea, zinaonyesha kilo na bei kwa pamoja, basi kupima kwa nini? Nawauliza: na nani anaipima mizani? Namba zinazong'aa hazina kiapo. Mizani isiyoanzia sifuri hukuuzia ndoo pamoja na samaki. Lakini mwanafunzi aliyefundwa aweza kwenda sokoni na chupa ya lita moja ya maji, ajue kwamba chupa tupu ina gramu ngapi, aiweke juu ya mizani, na mara moja ataiona mizani inayosema kweli na ile inayosema uongo. Tena mashine ikikuambia kwamba ndoo ya maziwa ni kilo 10, haijakuambia kama yana maji. Kwa hilo wahitaji ujazo pia, na wahitaji akili inayojua kuyaoanisha mawili hayo.

Jibu la nne huja kwa sauti ya upole, kutoka kwa wale wasemao kwamba wazee wetu waliishi bila ya haya yote. La hasha! Wazee hawakuishi bila vipimo. Watu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, vya kupimia ujazo wa nafaka. Na walikuwa na ratili na frasila, frasila moja ratili 35 hivi, za kupimia uzito wa karafuu na pembe. Walijua kwamba kuna kupima kwa chombo na kuna kupima kwa mizani, na kwamba moja si mwenzake. Hata leo Waislamu hutoa fitri kwa pishi, na kwa kuwa pishi ya mchele na pishi ya nafaka nyingine hazilingani kwa uzito, hapana budi kilo zielezwe kwa kila nafaka. Huko ndiko kuijua densiti, ijapokuwa neno halikutajwa. Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na kitabu cha Mithali katika Biblia hulaani mizani ya hila. Wazee wamo upande wangu katika ugomvi huu.

Tena twakosea si katika njia tu, bali katika mpangilio pia. Mwaka 1941 Jean Piaget na Bärbel Inhelder wa Uswisi walichapisha kitabu juu ya jinsi watoto wanavyofikia fikira ya kiasi. Mtoto huonyeshwa madonge mawili ya udongo yaliyo sawa. Moja likavingirishwa likawa jembamba kama nyoka. Mtoto mdogo husema kwamba udongo umeongezeka au umepungua. Walieleza kwamba kwenye umri wa miaka 7 au 8 mtoto hukubali kwamba udongo ni ule ule. Kwenye 9 au 10 hukubali kwamba uzito ni ule ule. Na kwenye 11 au 12 ndipo hukubali kwamba maji utakayoyainua ni yale yale. Umri waweza kutofautiana mahali na mahali, lakini funzo lake ni wazi. Mtoto hupanda ngazi: udongo kwanza, mizani baadaye, maji yanayofurika baada ya hapo, na mwisho kabisa ndipo kugawanya. Sisi tumeisimamisha ngazi juu chini. Twaanza na mgawanyo, na udongo hatufiki.

Na hasara yake ni ya nchi. Mkulima wa kahawa huzitia tunda zake majini, akaziondoa zinazoelea, kwa kuwa kahawa iliyokomaa huzama. Mchimbaji wa Migori hutikisa karai lenye mchanga na maji mpaka mchanga, wenye densiti ya 2.65 hivi, uoshwe, na dhahabu yenye 19.3 ibaki chini. Mama hulitia yai majini. Likilala ni bichi, likielea limezeeka, kwa kuwa unyevu umetoka na hewa imechukua nafasi yake. Hao wote ni watu wa densiti. Elimu hiyo imejaa vijijini, na mtoto wao hurudi kutoka shule akidhani kwamba densiti ni jambo la Wagiriki na mataji ya wafalme.

Nimekwisha kusema na walimu wenzangu. Sasa nasema na wewe, msomaji, kwa sababu mwalimu huenda akachelewa kubadilika na wewe huna wakati wa kumngoja. Leo jioni tafuta chupa ya nusu lita, fito na uzi. Upime mkebe ambao nyumba yenu hununulia maharagwe, ujue unaingia maji kiasi gani. Upime yai, jiwe, viazi, chumvi, mafuta. Andika namba zako, na mahali zinapokataa kulingana na kitabu, usizifute. Uliza kwa nini. Ukiambiwa kanuni, iombe ushahidi kwa adabu. Na siku karani atakapomwambia mama yako mbele ya watu kwamba maziwa yake yana maji, usisimame kimya kama nilivyosimama mimi. Uguse ndoo kwa mkono wako, kisha umwulize karani amepima joto lake au hakupima.